Uzi: Mwaka mzima wa ziara, wageni waalikwa na stadi za mikono sekondari. Tuupange vipi?

Mratibu_Kidato
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walimu waliokabidhiwa shughuli za nje ya darasa za kidato kizima na kuambiwa mpango utakiwe ndani ya wiki. Wengi huanza kwa kuorodhesha sehemu za kwenda. Mwaka huanza kuharibika hapo hapo, kwa sababu orodha ya sehemu haisemi wanafunzi watafanya nini wakifika.

Mimi napanga kwa mnyororo: stadi, ziara, mgeni. Wanafunzi hujifunza kwanza stadi watakayoitumia huko waendako, halafu wanakwenda kuitumia, halafu anaalikwa mtu wa kujibu maswali waliyorudi nayo. Ziara isiyotanguliwa na stadi huwa matembezi, na mgeni asiyekuta swali lolote likimsubiri huishia kutoa hotuba.

Chukulia muhula wa wiki 12. Wiki 2 za mwanzo usizihesabu, madarasa bado yanajipanga. Wiki 3 za mwisho ni za mitihani, usizihesabu pia. Zinabaki 7. Wiki ya 3, 4 na 5 ni za stadi, kipindi pacha kimoja kila wiki. Wiki ya 6 ni ziara. Wiki ya 7 kuandika na kuchora, ya 8 mgeni. Wiki ya 9 iache wazi kabisa, kwa sababu mvua, gari au mgeni mmojawapo atakuangusha. Ukijaza wiki zote 7, tukio moja likihama linasukuma mengine yote hadi kwenye mitihani.

Kwa hiyo mwaka wa mihula 3 unabeba minyororo 3. Yupo atakayesema ni michache. Naona inatosha. Ziara 6 zisizo na maandalizi hula vipindi vingi na huacha picha tu.

Jambo la mwisho kabla hamjachangia: msiweke kila kitu Ijumaa. Ziara 3 na wageni 3 wakiangukia Ijumaa, somo lenye kipindi pacha siku hiyo limepoteza wiki 6, na mwalimu wake atakuwa adui wa mpango kwa haki kabisa. Weka jedwali dogo la vipindi vilivyopotea kwa kila somo, na ulitazame kabla ya kupanga tarehe inayofuata.

Chaki_Nyeupe
Nimeweka kambi. Mkuu, tupe mnyororo mmoja kamili wenye namba. Haya ya jumla tunayasikia kila semina.

Kingo_za_Mto
Niruhusuni nijibu kwa ziara ya mto, maana ndiyo inayofundisha vipimo vingi kwa vifaa vichache.

Chagua mto mdogo wenye kipande kilichonyooka cha mita 10, maji yasiyopita goti. Kundi ni watu 8: wawili wanashika utepe wa kupimia, mmoja anapima kina, mmoja anaandika, mmoja anaachia chupa, mmoja anaidaka, mmoja ana saa, na wa nane anasimama upande wa juu akitazama maji yanakotoka. Huyo wa nane hana kazi nyingine. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kuleta majani na vijiti, au yakipanda hata kidogo, anapaza sauti na wote wanatoka, hata kama hapo mlipo jua linawaka. Mvua inaweza kuwa imenyesha mbali huko juu.

Kupima kasi: chupa ndogo ya plastiki, jaza maji nusu. Ikiwa tupu inaelea juu juu na upepo unaisukuma, kwa hiyo mnapima upepo badala ya mto. Iachie mita 2 au 3 juu ya mstari wa kuanzia ili ikifika kwenye mstari iwe imeshashika mwendo. Pima mara 3 upande wa kushoto, 3 katikati, 3 kulia, kisha tafuta wastani. Tuseme umepata sekunde 20 kwa mita 10, yaani mita 0.5 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya uso wa maji. Chini kuna msuguano wa sakafu ya mto, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 na upate 0.425. Mto wenye mawe makubwa, tumia 0.8.

Kupima kina: rula ndefu, ukingo wake mwembamba uelekee mkondo. Ukiielekeza bapa, maji yanapanda kwenye uso wake na unasoma kina kisichokuwepo. Kwenye tope usiikandamize, inazama.

Sasa hesabu. Mto una upana wa mita 4, umepima kina kila mita 1: ukingoni 0, halafu 0.2, 0.4, 0.3, na ukingo wa pili 0. Wanafunzi karibu wote watajumlisha 0.9, watagawa kwa 3, watapata 0.3, watazidisha kwa upana na kusema eneo ni mita za mraba 1.2. Si kweli. Mto una vipande 4, na vile viwili vya pembeni ni vya pembetatu vinavyoishia sifuri. Ukivijumlisha kimoja kimoja: 0.1 + 0.3 + 0.35 + 0.15 = 0.9. Njia ya mkato ni kugawa ile jumla ya vina kwa idadi ya vipande, yaani 4, si kwa idadi ya vina, kisha kuzidisha kwa upana. Kosa lile linaongeza mto kwa theluthi nzima.

Mtiririko ni 0.9 × 0.425, takribani mita za ujazo 0.38 kwa sekunde, au lita 380 kila sekunde.

Stadi za kufundisha kabla ni hizo hizo: kuvuta utepe bila kuulegeza, kuendesha saa, kuchora jedwali kabla ya kuondoka shuleni. Fanyeni zoezi lote kwenye uwanja mkavu, mwanafunzi mmoja akitembea badala ya chupa. Msipolifanya, saa nzima ya mtoni itakwenda kwenye kubishana nani ashike nini.

Chaki_Nyeupe
Hapa sasa tumeelewana. Makundi mangapi yanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja kwenye mto mmoja?

Kingo_za_Mto
Matano yanawezekana ukiyaachanisha mita 30 hivi. Kila kundi liwe na rangi yake ya chupa. Kundi la juu likikosa kudaka, chupa inashuka na kuingia katikati ya vipimo vya kundi la chini, na hapo kila mtu anaanza upya. Tope linalovurugwa juu halibadilishi kasi, lakini linawazuia wa chini kuona wanapokanyaga, basi wa juu watoke kwanza wakimaliza.

Orodha_Mkononi
Mnaongelea kipimo cha maji, mimi niongelee kipimo cha watoto.

Wanafunzi 40, makundi 5 ya 8, watu wazima 5 na wa sita asiye na kundi. Huyo wa sita ndiye watu humkata wakibana bajeti, na ndiye muhimu kuliko wote. Mwanafunzi akiteguka mguu, lazima mtu abaki naye au ampeleke kwa daktari. Kama kila mtu mzima ana kundi, kundi moja linabaki bila mwangalizi. Idadi ya chini inayotakiwa hutofautiana, kwa hiyo soma kanuni za mamlaka yenu kwanza, kisha jiongezee huyo mmoja.

Kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi. Kosa la kawaida ni namba kutimia 40 wakati mmoja hayupo na mwingine amehesabiwa mara mbili kwa sababu alihama kiti. Kupanda gari iwe kwa majina, kila mtu mzima na orodha yake ya majina 8. Mahali pengine popote, kila mwanafunzi awe na namba, 1 hadi 40, na waite kwa mfululizo. Ikikatika kwenye 17 unajua papo hapo nani hayupo. Hesabu kabla ya kutoka shuleni, mkifika, kila mnapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, baada ya choo, na kabla gari halijawashwa.

Choo: watu 40, vyoo 2, dakika 2 kila mtu. Hiyo ni dakika 40, halafu ratiba inasema "mapumziko mafupi, dakika 10". Ziara nyingi zinazochelewa zimechelewea hapo, foleni ya barabarani inasingiziwa tu. Wapelekeni kwa makundi huku wengine wakiendelea na kazi.

Mwalimu mmoja aende mapema kuona njia, tena siku na saa ile ile mtakayokwenda. Kiwanda kikiwa kimya Jumamosi hakikuambii chochote kuhusu Jumanne. Aangalie: gari litasimama wapi, ngazi ziko ngapi na kama kuna njia ya anayetumia kiti cha magurudumu, simu inashika mtandao wapi, kituo cha afya cha karibu ni kipi. Karatasi ya dharura iwe nakala 2, moja ofisini shuleni, moja kwa kiongozi wa msafara: majina, namba za wazazi, mzio, dawa. Dawa ya pumu inakaa na mwanafunzi mwenyewe, si kwenye sanduku lililofungwa chini ya gari.

Na muamue kabla ya siku yenyewe nani ana mamlaka ya kuahirisha na kwa sababu gani. Asubuhi, watoto wakiwa wameshapanda, hakuna mwenye ujasiri wa kusema hapana.

Sauti_ya_Ukumbi
Upande wa wageni, tatizo kubwa naliona kwenye barua ya mwaliko. Barua inasema "tunaomba uje kuzungumza na wanafunzi wetu kuhusu maisha." Mgeni anakuja na maisha yake yote, dakika 70, na wanafunzi wanasinzia. Kosa si lake.

Mwaliko utoke wiki 6 kabla, ukumbusho wiki 1 kabla, simu asubuhi ya siku yenyewe. Pamoja na mwaliko weka ukurasa mmoja wenye mambo haya: wanafunzi wangapi na wa kidato gani, wameshajifunza nini, wametoka ziara gani, ataongea dakika ngapi, nani atampokea mlangoni, na maswali 3 ya wanafunzi wenyewe. Mwombe alete kifaa kimoja anachokitumia kazini, aeleze siku yake ya jana saa kwa saa, na ataje kosa moja la kazini na jinsi lilivyorekebishwa. Hayo matatu yanazuia hotuba kuliko maonyo yoyote.

Saa 1 igawe hivi: dakika 5 utambulisho, 15 mgeni, 10 kifaa kizunguke mikononi, 25 maswali, 5 kufunga. Ndiyo, maswali ni marefu kuliko hotuba. Kwa kuwa hayatoki yenyewe, wiki moja kabla kila mwanafunzi aandike swali kwenye kadi. Mwalimu achambue, aondoe yanayojirudia, abakize 10. Siku yenyewe, kabla ya kufungua maswali, wape dakika 2 waongee na jirani. Ule ukimya wa mwanzo unatokana na kila mtu kuogopa kuwa wa kwanza, wala si kwamba hawana la kuuliza.

Mwenyekiti wa kikao awe mwanafunzi. Mwingine ashike saa na kadi ya "dakika 3", mwingine abebe kipaza sauti, wawili waandike majibu.

Ukubwa wa hadhira unaua maswali. Wanafunzi 200 ukumbini, watauliza 4 wale wale wa kila siku. Darasa la 35, utapata 15. Kama mgeni ana saa 2, bora aingie madarasa mawili kuliko kusimama mbele ya shule nzima.

Yale yasiyopendeza lakini lazima yasemwe: mgeni haachwi peke yake na wanafunzi, anaandikwa kwenye kitabu cha wageni, hauzi kitu, hakusanyi namba za simu, na hapigi picha za wanafunzi ambao wazazi wao hawakutoa ridhaa. Mwambieni mapema kwa upole. Kumkatiza akiwa ameshaanza kugawa vipeperushi ni aibu kwa pande zote.

Projekta ijaribiwe nusu saa kabla kwa kompyuta ile ile itakayotumika. Kama haikubali, afadhali mgeni atumie ubao kuliko watu kukaa dakika 20 wakitazama fundi anazungusha waya.

Fundi_Mwandishi
Naongezea: msialike madaktari na wanasheria tu. Fundi mitambo, mpima ardhi, mkunga, mtu wa maabara ya maji. Na aliyemaliza shule hiyo hiyo miaka 5 iliyopita huulizwa maswali mazuri kuliko mtu maarufu, maana wanafunzi wanaiona njia aliyopita.

Saa_Nane_Mchana
Mratibu, kwa heshima, sikubaliani na mpangilio wako. Kwa ziara ya kiwandani mgeni aje kabla. Wanafunzi wasiojua mashine inafanya nini hawajui hata watazame wapi, na maelekezo ya usalama hayawezi kusubiri mlangoni penye kelele.

Mratibu_Kidato
Umenikamata vizuri, mkuu. Kwa kiwanda, karakana kubwa au mtambo wa kusafisha maji, mtu wa huko aje wiki moja kabla, dakika 20 tu, na mchoro wa hatua za kazi kutoka mali ghafi inapoingia hadi bidhaa inapotoka. Kila jozi ya wanafunzi ikabidhiwe hatua moja ya kuifuatilia. Mgeni wa maswali abaki palepale, baada ya ziara. Mto hauhitaji mtangulizi, kiwanda kinahitaji.

Saa_Nane_Mchana
Sawa, hapo tumekutana. Na kiwandani kundi lisizidi 10 kwa kila mwelekezaji. Kwenye kelele wa nyuma hasikii kitu, anaanza kuchezea vitu. Viatu vya kufunika vidole, nywele zifungwe, hakuna mitandio wala kamba zinazoning'inia karibu na mashine zinazozunguka. Kelele ikifikia desibeli 85, vizibo vya masikio ni lazima. Kipimo rahisi: kama inabidi mpaze sauti kusikilizana mkiwa mita 1, vaeni.

Karakana_B
Stadi. Kipindi pacha cha dakika 80, wanafunzi 36, vituo 3 vya watu 12. Kila kituo dakika 22, kuhama dakika 3 mara mbili, jumla 72. Zilizobaki 8 ni za maelekezo na kufagia. Vituo 4 havikai humo, kila kimoja kinakuwa onyesho tu. Watu 12 wafanye kazi wawili wawili, kwa hiyo kila kituo kinahitaji seti 6 za vifaa. Chini ya hapo, nusu ya darasa ni watazamaji.

Kituo cha huduma ya kwanza. Kukandamiza kifua: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, 30 halafu pumzi 2. Anayekandamiza abadilishwe kila dakika 2, maana mikono ikichoka kina kinapungua bila mwenyewe kujua. Kosa linalojirudia ni kutokuachia kifua kirudi juu kabisa kabla ya mkandamizo unaofuata, moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Msifanye mazoezi haya juu ya mwenzenu mzima. Mwanasesere wa mafunzo ndiye anayetakiwa. Asipokuwepo, furushi la nguo lililokazwa linafundisha mdundo, ingawa kina hamtakipata.

Jeraha la moto: maji ya bomba yanayotiririka, baridi ya kawaida, dakika 20. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Damu ya pua: inamisha kichwa mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia. Wanaoinua kichwa nyuma wanameza damu, na wengi hutapika.

Kituo cha kulehemu saketi kwa risasi, yaani waya laini unaoyeyushwa kuunganisha vipande. Kazi ndogo: betri ya volti 9, taa ya LED nyekundu, rezista (kipande kinachopunguza mkondo), swichi. LED inachukua takribani volti 2, zinabaki 7. Ukitaka mkondo wa miliampia 20, 7 ugawe kwa 0.02 ni omu 350. Madukani kuna 330 na 390, chukua 390, mkondo unakuwa miliampia 18 na taa haiumii. Mguu mrefu wa LED ndio chanya. Ncha ya pasi ya kulehemu iguse shaba na mguu kwa pamoja sekunde 1 au 2, ndipo uguse risasi kwenye kiungo, si kwenye pasi. Toa risasi kwanza, kisha pasi. Kiungo kizuri kimetambaa na kushuka mteremko. Kilichokaa kama shanga juu ya shaba hakijashika hata kama taa inawaka leo. Ukiona kiungo kinapauka rangi na kuwa kama majivu, mara nyingi kiliguswa kabla ya kupoa. Miwani, dirisha wazi, na kunawa mikono mwishoni hata kama hawajala kitu.

Seti za vipande vya kazi hiyo ya LED: wanafunzi 36 wawili wawili ni 18. Agiza 22. Zile 4 za ziada zitaisha, msiwe na shaka.

Kituo cha tatu hubadilika kulingana na ziara inayokuja. Kwa mto ni utepe na jedwali. Kwa matembezi ya milimani ni ramani na dira. Ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Simu na visu viwe mbali na dira, vinaivuta sindano. Muda wa kutembea: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892, na ni ya mtu mzima aliyezoea. Kwa darasa, hesabu kilomita 3 kwa saa.

Kalamu_Mbili
Tathmini mnaifanyaje? Mtihani wa maandishi wa kulehemu ni kichekesho.

Karakana_B
Karatasi ya kuangalia, vitu 5, ndiyo au hapana. Kwa kulehemu: alivaa miwani, alipasha vyote viwili, kiungo kimetambaa, LED haijageuzwa, meza ameiacha safi. Rudia baada ya wiki 3 bila kutangaza. Huduma ya kwanza inasahaulika haraka, kwa hiyo dakika 15 za marudio kila muhula.

Chaki_Nyeupe
Na wale wasiokwenda ziara? Huwa wapo, kwa ugonjwa, ridhaa kutorudi, au nauli.

Mratibu_Kidato
Suala la nauli litatuliwe kimyakimya kabla, jina la mtu lisitajwe mbele ya darasa. Wanaobaki wasipewe adhabu ya kunakili kitabu. Kwa mto, wao ndio wachoraji wa grafu: vipimo vinasomwa kwa simu kila kundi linapomaliza, wanakokotoa, na namba inayoonekana ya ajabu wanaiuliza kundi likiwa bado mtoni na linaweza kupima tena. Wakirudi, kila kundi likabidhi ukurasa 1 ndani ya siku 2: kipimo kimoja, mchoro mmoja, swali moja lisilojibiwa. Yale maswali ndiyo kadi za mgeni.

Orodha_Mkononi
Na msiache karatasi za maswali 25 ya kunakili vibao, hasa makumbusho. Wanafunzi wanakimbia kutoka kibao hadi kibao na hawakitazami kitu chenyewe. Jozi moja, kitu kimoja, dakika 15: kichore, kikadirie ukubwa, andika kilitumikaje na kimechakaa wapi.

Kalamu_Mbili
Mratibu akihamishwa, haya yote yanaondoka naye?

Mratibu_Kidato
Yasipoandikwa, ndiyo. Faili moja, kila tukio karatasi moja: tarehe, muda halisi wa kuondoka na kurudi ukiwa kando ya ule uliopangwa, jina la ofisi iliyowapokea na cheo cha aliyehusika, vifaa vilivyopungua, na lililochelewesha. Safu ya muda halisi ndiyo inayosaidia zaidi, kwa sababu mpango wa mwaka unaofuata unaanza na muda huo, si na ule uliotamaniwa. Barua ya shukrani iliyoandikwa na wanafunzi itoke ndani ya wiki moja, nakala ibaki humo. Fomu za ridhaa na karatasi za afya zisiwemo kwenye faili hilo. Hizo zinakaa ofisini chini ya kufuli, na zinaharibiwa kwa utaratibu wa shule muda wake ukiisha.